Mangi wa Mlimani, Mangi wa Dukani

Banda la video la hapa Kahe, tambarare chini ya mlima Kilimanjaro, limezungushiwa mabati, na ndani yake mna mabenchi manane. Jioni moja nilipita kumtafuta mjukuu wangu, nikamkuta amekodoa macho kwenye runinga. Ilikuwa filamu ya Kijapani ya watu wa panga, na juu ya sauti zao ilikuwa imepandishwa sauti ya msimuliaji wetu, mmoja wa vijana hawa wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili huku wakitia chumvi yao. Mzee mnene alikuwa ameketi peke yake juu ya mikeka. Mbele yake watu kama mia walikuwa wameinama, mapaji ya uso yamegusa sakafu. Msimuliaji akasema, "Sasa huyu unayemwona hapa, huyu ndiye Mangi mwenyewe." Banda zima likaangua kicheko.

Walicheka kwa sababu Mangi wanayemjua wao yuko hatua thelathini kutoka hapo, nyuma ya nondo za dirisha la duka, anauza sabuni ya kipande, mafuta ya kula ya kupima na vocha za simu. Ni Mchaga, ana duka, basi ni Mangi. Ndivyo anavyoitwa hapa, ndivyo anavyoitwa Manzese, ndivyo anavyoitwa Mwanza. Kumwona Mangi anasujudiwa na watu mia, wala hakuna aliyekuja kukopa unga, kwao ni kichekesho kitupu.

Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye gogo nikingojea filamu iishe. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na yule kijana alikuwa amethubutu kutumia neno ambalo mimi ningelizunguka. Usiku ule nililigeuzageuza. Kila nilipotafuta jingine lililo bora, nilirudi pale pale.

Mtu yule kwa Kijapani ni daimyo. Neno hilo lina vipande viwili: *dai* ni kubwa, *myo* ni jina. Jina Kubwa. Ukilisikia hivyo utadhani ni sifa tu, kama tunavyosema fulani ana jina mjini. Asili yake ni shambani. Katika Japani ya kale shamba lililoandikishwa kwa jina la mtu liliitwa shamba la jina, na aliyekusanya mashamba mengi chini ya jina lake ndiye aliyekuwa na jina kubwa. Upanga ulikuwapo, lakini neno lenyewe lilizaliwa kwenye ardhi na daftari.

Baadaye likawa la hesabu kabisa. Chini ya ukoo wa Tokugawa, ulioshika cheo cha shogun, yaani mtawala mkuu wa kijeshi, kuanzia 1603 hadi 1867, mtu hakuhesabiwa daimyo mpaka nchi yake ikadiriwe kuzaa koku 10,000 za mchele kwa mwaka. Koku moja ni lita 180 hivi, kiasi kilichohesabiwa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Debe letu ni lita 18. Koku, basi, ni debe kumi, na mdogo kuliko wote kati ya mabwana hao zaidi ya 250 alikuwa bwana wa debe laki moja.

Hapa kwetu hesabu hiyo haitaki ubao. Kutoka Oria hadi Chekereni na Mabogini ni majaruba ya mpunga, na mradi wa umwagiliaji ulioyaleta ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani hiyo hiyo. Nilimwuliza mama mmoja anayeuza mchele sokoni: debe kumi zitamfikisha mtu mmoja wapi? Alipitisha kiganja juu ya mchele, akausawazisha na ukingo wa debe, akafikiri. "Akiwa peke yake, mwalimu? Na siku nyingine anakula ugali? Mwaka unakatika, na wageni wanapata." Hajawahi kulisikia neno koku maishani mwake, lakini kipimo anacho mkononi. Nami nikamweleza kwamba hata Wajapani walikuwa na lumbesa yao: koku za kwenye karatasi ya shogun zilibaki zile zile vizazi na vizazi, ilhali mashamba mapya yalifunguliwa na koku za ghalani zikazidi. Alicheka sana. Lumbesa anaijua.

Sasa Kiswahili tumpe jina gani mtu huyu?

Sultani halifai, na sababu yake iko mlimani hapo juu. Rindi wa Moshi, ambaye watu wa misafara ya pwani walimwita Mandara, alikuwa mangi wa Moshi, nchi moja kati ya nchi zaidi ya ishirini za Uchaga. Mwaka 1885 wakala wa Wajerumani, Karl Jühlke, alipopanda na karatasi zake, huyo mangi aliandikwa Sultani. Si heshima waliyompa. Mangi wa Moshi asingeweza kugawa nchi ya Machame wala ya Kibosho, maana si zake, na Sina, mangi wa Kibosho, angemjibu kwa mikuki. Lakini Sultani, kwa masikio ya Ulaya, ana nchi nzima, na mwenye nchi nzima anaweza kuitoa. Neno moja lilitosha kumfanya mtu atoe asichokuwa nacho. Tangu niielewe hadithi hiyo, kila ninapokuta neno sultani limepachikwa juu ya mtawala asiyejiita hivyo, mimi huangalia kwanza karatasi iliyo chini yake.

Chifu je? Hilo lilikuja na Waingereza, likapigiwa msumari na sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926. Mangi wa Marangu, mtemi wa Unyamwezi, zumbe wa Usambaa, mtwa wa Uhehe, mkama wa Buhaya, wote wakatiwa kwenye gunia moja likashonwa mdomo. Tumelizoea mno hata sheria iliyoondoa vyeo hivyo mwaka 1963 ni sheria ya kuwaondoa machifu, na hata tulipotaka kumheshimu Rais Samia Suluhu Hassan kwa mila mwaka 2021 tulimwita Chifu Hangaya. Silikatai. Lakini linameza tofauti zote. Mtemi limetokana na kutema: wengine husema ni kutema pori, wengine kukata mashauri. Mwinyi wa pwani ni mwenye, yaani aliye na kitu. Zumbe ni ndugu wa jumbe wetu. Kila neno lina mlango wake wa kuingilia kwenye madaraka, na chifu limeziba milango yote likaacha ukuta.

Kabaila ndilo lililonitesa zaidi, maana vitabu vya historia hulitumia: mfumo wa Japani ya zamani huitwa ukabaila, na mabwana wake makabaila. Limetoka Kiarabu, kwenye wingi wa neno kabila, na katika Kiswahili cha zamani kabaila alikuwa mtu wa ukoo bora, mtu wa kuheshimiwa. Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, likiwataka viongozi wasiwe na mambo ya kibepari wala ya kikabaila, na tangu siku hiyo kabaila ni mnyonyaji. Ni neno la hukumu. Ukisema daimyo alikuwa kabaila umeshamfikisha mahakamani kabla hujamwambia msomaji alikula nini, alimtii nani, na aliketi umbali gani kutoka kwa mkubwa wake. Huenda alistahili hukumu. Lakini mwenye kufasiri hapaswi kuanza na hukumu.

Ndipo linabaki mangi.

Mangi wa Uchaga alikuwa na nchi yenye mipaka, kwa kawaida mgongo mmoja au miwili ya mlima, kutoka msituni juu hadi nyika chini. Alikuwa na wachili, kila mmoja na mtaa wake. Alikuwa na neno juu ya ng'ombe, juu ya vita, juu ya nani apewe kihamba kipya, yaani shamba la nyumbani. Na alikuwa na njama. Hapa naomba nisimame kidogo, maana neno hili nalipenda. Kwa Kichaga njama ilikuwa baraza la wakuu wa vita na washauri wa mangi, watu waliokaa naye kabla jambo halijatangazwa. Kwa Kiswahili cha zamani njama ilikuwa shauri la faragha, bila ubaya wowote. Leo njama huliwa, na wanaoila ni wahaini. Neno lile lile: mlimani lilikuwa serikali, redioni limekuwa uasi. Nadhani limeharibiwa na wale waliobaki nje ya mlango wakisikia minong'ono.

Kwa hiyo kijana wa banda alipatia kuliko vitabu. Mangi ni mtawala mdogo kwa eneo na mkubwa kwa watu wake, ana jirani wanaomtazama kwa jicho la pembeni, na siku ikifika ana mkubwa juu yake. Daimyo ni hivyo hivyo.

Lakini Wajapani walikwenda hatua moja zaidi, na hapo ndipo kazi ya mfasiri inapokuwa tamu. Hawakuwapanga mabwana wao kwa ukubwa wa koku peke yake. Waliwapanga kwa swali hili: ulikuwa wapi mwaka 1600? Mwaka huo, katika uwanja wa Sekigahara, Tokugawa Ieyasu aliwashinda wapinzani wake. Waliokuwa watu wa nyumba yake kabla ya vita waliitwa *fudai*. Waliomtii baadaye, au waliokuwa sawa naye kabla hajawa mkubwa, waliitwa *tozama*. Na jamaa zake wa damu walikuwa *shinpan*. Daimyo wa ukoo wa Maeda, kule Kaga, alikuwa na zaidi ya koku milioni moja, tajiri kuliko wote chini ya shogun, na alikuwa tozama. Fudai mwenye koku elfu hamsini aliweza kuketi kwenye baraza linaloendesha nchi, huyo wa milioni akabaki nje.

Fudai maana yake ni vizazi kwa vizazi. Kiswahili kinalo neno: wa jadi. Daimyo wa jadi. Tozama ni bwana wa nje, nasi tunasema wa nje bila shida, kama tunavyosema mtoto wa nje, na uchungu unakuja na neno lenyewe bila kuitwa. Chini ya koku 10,000 walikuwapo watumishi wa shogun wa matabaka mawili, *hatamoto* na *gokenin*, na kilichowatenga zaidi ni ruhusa ya kuonana na mkubwa uso kwa uso. Wa kwanza waliipata, wa pili hawakuipata. Hapo pwani imetutayarishia kitenzi tangu zamani: kubarizi. Hatamoto alibarizi. Gokenin hakubarizi.

Shinpan ndilo lililonisimamisha. *Shin* ni jamaa. Kipande cha pili ni kile kile kinachotamkwa *han*, neno wanaloitia nchi ya daimyo, na maana yake ya kwanza ni ua. Ua wa kuzungushia nyumba. Nchi za mabwana zilikuwa ua uliozunguka nyumba ya mkubwa, na jamaa wa damu walikuwa ua wa karibu.

Nilipolisoma hilo nilitazama nje ya dirisha langu. Mke wangu ni mtu wa Marangu, na alipokuja kuishi nami huku tambarare alibeba vipande vya sale, akavichomeka kuzunguka kiwanja chetu. Masale hayo leo yamenipita urefu, majani yake marefu yamechongoka kama mikuki iliyolala. Mlimani sale ndio mpaka wa kihamba. Ukilihamisha umefanya kosa kubwa kuliko wizi wa ng'ombe. Na ukimkosea mtu, jani la sale likipelekwa kwake ni ombi la msamaha, naye anajua hawezi kulipuuza tu. Ua, mpaka, amani: mmea mmoja. Mchaga ukimwambia kwamba nchi ya bwana wa Kijapani iliitwa ua, hatakuuliza kwa nini.

Basi nikaanza kuutazama mlima kwa macho ya Sekigahara, nikaona kumbe na sisi tulipangwa vivyo hivyo. Mwaka wetu wa 1600 ulikuwa kati ya 1891 na 1893. Mwaka 1891 Mjerumani Wissmann aliipiga Kibosho ya Sina. Mwaka 1892 Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani, na mwaka uliofuata wakarudi wakamshinda yeye. Wakati huo Marealle wa Marangu alikwishakuwa rafiki yao. Marangu haikuwa nchi yenye nguvu kushinda Kibosho wala Moshi, lakini Kapteni Johannes wa Wajerumani alipokaa Moshi aliwapanga mamangi kwa swali lile lile la Tokugawa. Marealle akapewa ukubwa juu ya Vunjo na Rombo. Alikuwa wa jadi wa Boma, yaani ngome ya serikali ya Wajerumani. Meli alikuwa wa nje, na tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa Moshi ya Kale pamoja na wakuu wengine kumi na wanane, wakiwamo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Hata Marealle, na ukubwa wake wote, mwaka 1904 alilazimika kukimbilia upande wa Waingereza. Ujadi wa kupewa na Boma hauna mizizi ya sale.

Ninachosema ni kwamba cheo kina asili, na jina zuri la cheo huonyesha asili hiyo. Waingereza walipoigawa nchi ya Uchaga mwaka 1946 katika Hai, Vunjo na Rombo, kila sehemu iliwekewa Mangi Mwitori. Watu walikuwa na mangi wao wa zamani, na sasa juu yake akakaa mangi mwingine ambaye baba yake hakuwa juu ya baba yao. Neno Mwitori liliwekwa hapo ili lieleze tofauti, na lilieleza: kila aliyelisikia alijua kwamba ukubwa huo umetoka ofisini. Kisha mwaka 1951 Wachaga wakapiga kura wakamchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, akasimikwa Januari 1952. Mangi wa kura! Rindi angeshangaa. Mwaka 1960 cheo hicho kikaondoka, Solomon Eliufoo akachaguliwa kuwa rais wa baraza la Wachaga, na miaka mitatu baadaye uchifu wote ukafutwa nchini.

Wajapani walifuta nchi za madaimyo mwaka 1871, zikawa mikoa ya serikali. Waliokuwa mabwana wakapewa safu mpya ya heshima, na mwaka 1884 ikapangwa katika daraja tano, mpaka nayo ikafutwa mwaka 1947. Jina daimyo likaingia kwenye vitabu na filamu, likabaki huko likiwa safi. La kwetu halikuwekwa kabatini. Majina ya Mandara na ya mangi mwingine, Horombo, yamekuwa vibanda njiani kwenda Kibo, wageni hulala ndani yake. Na jina la cheo likashuka mlima pamoja na vijana waliokwenda mjini kutafuta, likasimama nyuma ya kaunta.

Siku chache baada ya ile filamu nilikwenda dukani kununua chumvi na kiberiti. Mwenye duka ni mtu wa Rombo, wa umri wa mwanangu mkubwa. Huniamkia kila mara, nami huitikia marahaba, lakini siku hiyo nilibaki dirishani.

"Mangi," nikamwambia, "wewe jina hili umelipata wapi?"

"Nimelikuta, mwalimu. Nilipofika Dar es Salaam mwaka wa kwanza hawakuuliza hata naitwa nani. Mangi leta mkate, Mangi nikopeshe. Nikazoea."

"Na nyumbani Rombo wanakuita hivyo?"

Aliacha kufunga chumvi. Alinitazama kama niliyemwuliza jambo la aibu.

"Aa, mwalimu. Nyumbani haiwezekani. Mjukuu wa mangi yupo. Ni jirani yetu, kihamba chake na chetu vimepakana, masale ni yale yale ya mababu. Mzee yule akisikia naitwa Mangi mbele yake, mimi nitaficha wapi uso?"

Kila Desemba, akasema, hufunga duka tarehe ishirini, hupanda gari hadi Himo, na pale njia panda hubadilisha la kupanda mlima. Abiria wenzake bado wanamwita Mangi mpaka pale. Kwenye gari la pili, lenye watu wa Mwika na Mkuu na Tarakea, huitwa kwa jina la baba yake.